Kihamba kimeuzwa, nami siendi tena Mezani

Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mama wa Machame, mzee wa kanisa, aliyekuwa mjumbe wa baraza la kata kabla ya kustaafu.

SWALI: Shikamoo mama. Ninauza vipuri vya magari Kariakoo. Kwetu ni Machame, nami ndiye kitinda mimba. Unajua mwenyewe kwa mila zetu kihamba cha wazazi kinabaki kwa nani. Baba alipofariki nilikuwa ndiyo kwanza naanza maisha Dar, kwa hiyo kaka yangu mkubwa, ambaye baba alishamkatia kihamba chake, akabaki anamwangalia mama. Mimi nilikuwa natuma hela ya matumizi. Mama naye akatutoka. Nilipopanda Krismasi iliyofuata nikakuta ukuta wa matofali. Kaka ameuza nusu ya juu ya kihamba, ile yenye kahawa na migomba mizuri, kwa mtu wa mjini. Masale ya mpaka yameng'olewa. Kaburi la baba limebaki upande wetu, lakini ukuta umelibana hata kulizunguka huwezi. Kaka anasema aliuza ili kulipa deni la hospitali la mama. Hakunipigia hata simu. Dada zetu wawili walikuja msibani, wakapika, wakarudi kwa waume zao.

Tangu hapo Krismasi nakula Dar. Kanisani naenda, lakini Chakula cha Bwana kikifika nabaki kwenye benchi. Tukifika "utusamehe" katika Sala ya Bwana mdomo unajifunga. Nilikuwa naimba besi, kwaya nimeacha. Mke wangu anasema nimekuwa mkali hadi kwa watoto.

Sasa kaka amepata kiharusi, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi. Mkewe ananipigia, wanataka hela ya mazoezi. Na mwezi uliopita mjomba alikuja dukani na jani la isale, akasema, "Kaka yako ameomba." Sikumjibu. Jani liko kwenye droo ya pesa. Mama, nikituma hela ndiyo nimemsamehe? Nikimsamehe, ndiyo nimeachia kihamba? Na Mkristo analazimika na lile jani?
Kitinda mimba, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma usiku mmoja, nikailaza, nikaisoma tena asubuhi baada ya chai. Zinazofanana nayo nilizisikia nyingi nikiwa barazani. Watu walikuja na mfuko wa rambo umejaa karatasi: hati ya mauziano yenye sahihi ya balozi wa nyumba kumi, risiti ya hospitali, picha ya kaburi. Tofauti yako na wao ni kwamba wao waliniuliza habari ya mpaka, wewe unaniuliza habari ya mpaka na Meza ya Bwana pamoja. Umefanya vizuri kuvileta pamoja.

Kwa wasomaji wa Mtwara na Kigoma niseme kidogo. Kihamba ni zaidi ya shamba. Ni migomba, kahawa, nyumba na makaburi ya waliokutangulia, vyote mahali pamoja. Isale ni mmea wa majani marefu, ndio tunaopandia mipaka ya vihamba. Na jani la mmea huohuo ndilo aliyekosa humpelekea aliyekosewa. Kwa mila ya Wachaga, isale likiletwa halikataliwi. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 walikuta jambo hilo tayari linaeleweka kwa wazee wetu.

Nianze na kihamba, maana najua ndicho kinachokukosesha usingizi. Kumsamehe kaka yako si kuachia kihamba. Nalisema mapema ili usome yanayofuata ukiwa umetulia. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa hana mamlaka hayo kwa ukubwa wake tu. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza shemeji yako, kwa adabu, ni hili: nani aliteuliwa kuwa msimamizi, na mahakama ipi ya mwanzo? Kama hakuna, mnunuzi naye ana tatizo, na atataka mzungumze. Kama yupo, msimamizi ana wajibu wa kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya alivyoigawa. Zile karatasi mahakama ya mwanzo wanaziita fomu namba 5 na namba 6. Nenda ukaziombe uone. Usikae nayo moyoni tu, kwa sababu dai la ardhi lina ukomo wa miaka 12. Siku hizi baraza la kata linapatanisha tu, halitoi tena hukumu ya ardhi. Wakishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuna watakaoshangaa mzee wa kanisa anazungumza fomu badala ya maombi. Wafungue kitabu cha Ruthu. Naomi alirudi Bethlehemu akawaambia wanawake waliotoka kumlaki, "Msiniite Naomi, niiteni Mara, kwa sababu Mwenyezi Mungu amenitenda mambo machungu sana." Tunaupenda mstari huo makanisani, tunauhubiri, halafu tunaruka hadi mwisho bibi anapompakata mjukuu. Katikati kuna nini? Kuna shayiri. Kuna mkwe anayeokota masazo shambani. Na sura ya 4 kuna kipande cha ardhi cha marehemu Elimeleki, mume wa Naomi, na Boazi jamaa yao ameketi langoni na wazee 10 wa mji, wanalimaliza jambo mbele ya mashahidi, hadi kiatu kinavuliwa. Ni baraza kabisa lile! Mungu aliutibu uchungu wa Naomi kwa chakula, kwa mtu aliyekataa kumwacha, na kwa kesi ya ardhi iliyosikilizwa hadharani. Sioni mahali popote katika kitabu kile alipokemewa kwa kusema ana uchungu. Waliomsikia walimwacha aseme.

Kwa hiyo nakataa wanaokwambia, "Wewe ni Mkristo, yaache." Yaache yaende wapi? Nabothi hakumwachia Ahabu shamba la mizabibu. Alimjibu kwamba ule ni urithi wa baba zake. Walipomuua, Mungu alimtuma Eliya shambani kwenda kumuuliza mfalme, "Je! umeua, ukatamalaki?" Mungu wa Biblia habari za mipaka anazifuatilia.

Lakini sasa nigeuke upande wa pili, na hapa utanivumilia.

Nimeona watu walioshinda kesi. Nimewaona wakitoka ofisini na hukumu mkononi, na uso uleule walioingia nao. Mama mmoja alirudishiwa mgomba kwa mgomba, mpaka ukapandwa upya mbele yetu, na bado alikuwa akipita njia ya chini kwenye mfongo, ule mfereji wa maji, asikutane na wifi yake. Ardhi ilikuwa imerudi, yeye bado. Ndiyo maana nakwambia una mambo mawili, kila moja lina njia yake. Kihamba kina baraza. Uchungu hauna baraza la kata.

Mwandishi wa Waebrania 12:15 anaonya "shina la uchungu lisije likachipuka na kuwasumbua, na watu wengi wakatiwa unajisi kwa hilo." Angalia wanaotajwa pale: watu wengi. Kaka yako aliuza nusu ya kihamba. Besi imeondoka kwenye kwaya, mkeo ameanza kuchagua maneno ndani ya nyumba yake, watoto wako wanamwogopa baba, hawapajui kwa babu yao wakati wa Krismasi. Hayo hakuyauza kaka yako. Nayasema nikijua yatakuuma.

Tena kuna jambo jingine ndani ya barua yako, sina hakika kama uliliona ukiandika. Kurasa tatu nzima, na dada zako umewataja mara moja tu, wakipika. Kihamba hicho cha baba na mama, wao walipewa nini? Kaka alipokiuza, waliulizwa na nani? Na wewe ukikirudisha chote, utawapigia simu? Unasema mila inakupa wewe. Nakubali, mila ndivyo isemavyo, nami nimezaliwa ndani yake. Lakini katika Hesabu 27 mabinti watano wa Selofehadi, yaani Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walisimama mbele ya Musa na wazee wote, wakadai urithi wa baba yao, na Bwana akamjibu Musa kwamba wamenena vyema. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 nazo zinampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Hata kabla yake, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alitamka kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanaume. Mtu mwenye uchungu ni mhasibu hodari wa anachodai. Anachodaiwa hakimo kwenye daftari. Wapigie dada zako wiki hii, kabla hujamtafuta wakili. Waulize wanataka nini, kisha unyamaze wazungumze. Yesu alisema ukileta sadaka madhabahuni "na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako", uende kwanza upatane naye. Wewe ulikuwa unamfikiria yule unayemdai. Mstari unasema habari ya wanaokudai.

Na mwulize shemeji risiti za hospitali. Muulize kama mtu anayetaka kujua, si kama mpelelezi. Ulikuwa unatuma hela ya matumizi, sawa. Nani alimgeuza mama kitandani usiku? Nani alikaa foleni ya dawa? Inawezekana kaka yako ni mwizi. Inawezekana pia ni mtu aliyechoka, akazidiwa na deni, akauza kisichokuwa chake kwa aibu ya kukuomba. Makosa yote mawili ni makosa, ila hayasamehewi kwa maneno yaleyale, na wewe hadi sasa hujui unasamehe lipi.

Turudi kwenye jani. Umeuliza kama Mkristo analazimika nalo. Jani halina nguvu, lisikutishe. Hakuna laana itakayotoka kwenye droo yako. Lakini usilidharau pia, maana lile ni kaka yako asiyeweza kutembea, anayesema kwa njia pekee aliyofundishwa na baba yenu. Mila inakwambia usilikatae likija. Injili inakwenda mbali zaidi ya mila, maana Kristo alitufia tulipokuwa tungali wenye dhambi, wala hatukuwa tumetuma jani lolote. Mimi ningemjibu mjomba hivi: "Nimelipokea. Nitakuja tukae." Na mkikaa, mkae kama wazee wanavyojua kukaa: mjomba awepo, dada zako wawepo kwenye viti na si jikoni, kosa litajwe kwa jina lake, aliyeuza aseme aliuza nini na kwa shilingi ngapi. Yesu alisema, "Kama ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu msamehe." Kuonya kumo ndani ya mstari uleule. Kusamehe kosa ambalo hakuna aliyelitaja ni kazi ngumu. Mwaka ukipita linafufuka.

Mwangalie Yusufu. Ndugu zake walimuuza yeye mwenyewe, sembuse kihamba. Walipofika Misri hakuwakumbatia siku ile. Aliwaweka kifungoni siku 3, akamzuia Simeoni, akaficha kikombe kwenye gunia la Benyamini aone kama watamwacha mdogo wao kama walivyomwacha yeye. Mara kadhaa alitoka nje kwenda kulia. Sura nzima zinapita, kuanzia ya 42 hadi ya 45, ndipo anasema, "Mimi ni Yusufu." Na chakula? Chakula aliwapa tangu safari ya kwanza, na fedha zao akazirudisha ndani ya magunia. Kaa hapo kidogo. Nafaka haikusubiri moyo wake utulie. Imani ndiyo ilisubiriwa.

Basi hela ya mazoezi itume. Itume leo. Usiuandike ujumbe unaosema "pamoja na mliyonitendea." Lipa moja kwa moja kwa mtaalamu wa mazoezi kama unahofia itapotea njiani, hiyo ni busara, si uchoyo. Warumi 12 inasema adui akiwa na njaa mlishe, haisemi mpe na kitabu cha hundi. Ila usiifunge hela hiyo na kihamba, usije ukamwambia mgonjwa anyanyue mkono wa kulia atie sahihi. Na ukishaituma usidhani umemaliza kusamehe. Umefanya tendo la msamaha, moyo utafuata kwa mwendo wake.

Unauliza sasa huo moyo unafuataje. Nitakupa ninachokijua, tena si kwa nadharia. Funga duka saa ya jioni, vijana wameondoka, fungua Zaburi 109. Ni zaburi kali, wengi hawajawahi kuisikia kanisani. Mwenye zaburi anamwombea adui yake mabaya hadi unaona haya kuisoma. Isome kwa sauti. Mweke kaka yako pale anapostahili, usijifanye mtakatifu mbele za Mungu ambaye anajua yaliyomo kwenye droo. Soma mpaka ufike aya ya 22, "Maana mimi ni mnyonge na mhitaji, na moyo wangu umejeruhiwa ndani yangu." Hapo simama. Usiendelee. Utaona kwamba yule mwenye maneno makali alikuwa anaumwa. Kisha sema Warumi 12:19 kwa mdomo wako: "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana." Maana yake deni lipo, halikufutwa kwa kujifanya halipo, ila anayelidai amebadilika. Umelikabidhi. Kesho yake litarudi mikononi mwako, utalikabidhi tena. Siku litakapokaa huko lenyewe hutaambiwa na mtu.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, wazee wa huku wanamkumbuka. Alipata kufundisha Dodoma, na Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960 yeye ndiye alimtafsiria kwa Kiswahili. Februari 1977 utawala wa Idi Amin ulimuua Askofu Mkuu wake, Janani Luwum. Kivengere na mkewe wakatoroka kwa miguu milimani usiku hadi Rwanda. Alieleza baadaye kwamba Ijumaa Kuu ya mwaka ule alikuwa kanisani London, likasomwa lile neno la Yesu msalabani, "Baba, uwasamehe," akaona ugumu wake mwenyewe juu ya Amin umemwota moyoni bila yeye kujua. Hubiri yake aliijua, Biblia aliijua, na bado ilibidi aambiwe. Akamsamehe Amin. Ila angalia: hakupanda ndege kurudi Kampala kumtembelea. Alirudi Uganda mwaka 1979, Amin alipokwisha kuondolewa.

La mwisho ni Meza. Umekaa kwenye benchi ukidhani unamheshimu Bwana. Naelewa, sote tulifundishwa 1 Wakorintho 11 kwa vitisho. Lakini kumbuka Katekisimo Ndogo uliyoikariri kipaimara. Luther anauliza nani anastahili, na jibu lake si "mwenye moyo safi". Anayestahili ni yule anayeyaamini maneno haya, "yaliyotolewa na kumwagwa kwa ajili yenu kwa ondoleo la dhambi." Wewe unakataa dawa hadi upone. Mwone mchungaji wako faragha, umwambie yote, pamoja na jani na droo. Yeye si mwamuzi wa ardhi, usimvute huko. Hata Yesu mtu alipomwambia, "Mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu," alikataa kazi hiyo. Mwachie kazi yake ya kukusikiliza ungamo na kukutangazia ondoleo. Halafu Jumapili simama na wenzako, nenda mbele. Ukifika "utusamehe" na mdomo ukajifunga, waache walioko kulia na kushoto kwako waiseme kwa niaba yako siku hiyo. Sala ile inasema "sisi", haisemi "mimi".

Na rudi kwaya. Besi ni chache kila usharika.

SWALI: Mama, mume wangu hunipiga akilewa. Nimeenda kwa wazee wa kanisa mara tatu. Wananisomea "saba mara sabini" na kunirudisha nyumbani. Nimejaa uchungu hadi naogopa ninavyowaza usiku. Nisamehe mara ngapi?
Mama wa watoto watatu, Njombe

JIBU: Pole mama. Nimekasirika kwa niaba yako, na waliokusomea mstari huo ni wenzangu kwa cheo, kwa hiyo niwaambie wao kwanza. "Saba mara sabini" iko Mathayo 18:22. Wangeanza juu kidogo, aya ya 15 hadi ya 17, wangekuta utaratibu wote: umwonye peke yenu, asiposikia uchukue wawili watatu, asiposikia uliambie kanisa, asipolisikia kanisa awe kama mtu wa mataifa. Wao ndio kanisa lililoambiwa. Walipaswa kumwita yeye.

Daudi alimsamehe Sauli. Mara mbili alikuwa na uwezo wa kumuua, pangoni na kambini, akamwacha. Sauli akalia, akamwita "mwanangu". Na Daudi hakurudi kuishi kwenye nyumba ile ambamo Sauli alimtupia mkuki. Sura inayofuata yuko nchi ya Wafilisti. Biblia haimlaumu kwa kukosa msamaha.

Nenda kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiwa na majeraha waombe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, uende nayo hospitali. Tafuta pa kulala wewe na watoto, kwa mama yako, kwa dada yako, kwa jirani wa kuaminika. Habari ya kumsamehe tutazungumza ukiwa mahali ambapo mlango unafungwa kwa ndani. Na hayo unayoyawaza usiku mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, leo hii, usiyabebe peke yako.

SWALI: Nimemaliza kidato cha sita. Mama yangu alifariki nikiwa kwenye mitihani. Kila mtu ananiambia ni mapenzi ya Mungu. Sina ugomvi na mtu, mimi nina uchungu na Mungu mwenyewe. Je, hiyo ni dhambi?
Kijana, Morogoro

JIBU: Pole sana mwanangu. Hana alikuwa "na uchungu rohoni mwake" akaupeleka hekaluni, na kuhani Eli akadhani amelewa. Kuhani ndiye aliyekosea kusoma, si Hana. Wanaokwambia "ni mapenzi ya Mungu" wengi wao wanakuogopa, hawajui waseme nini, wasamehe kwa hilo.

Soma Zaburi 88. Nyingi nyingine hulia mwanzoni na kushukuru mwishoni; hii inaanza usiku na kuishia gizani, na bado iko ndani ya Biblia, iliimbwa na wana wa Kora. Mtu yule anamlalamikia Mungu kila siku, lakini angalia analalamika kwa nani. Hajaondoka. Wewe pia umeniandikia mimi gazeti la kanisa, hukuandika pengine. Endelea kumwambia yeye mwenyewe kwa maneno hayohayo makali. Kuimba kutasubiri. Na ule chakula, maana najua nyumba bila mama jikoni huwa haina ratiba.

Mwezi ujao nitajibu barua za michango ya harusi. Zimekuja nyingi, na mbili zina matusi, hizo sitazichapisha.